Ruzuku Ndogo kwa Mwalimu wa Lugha: Zinunue Nini?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa lugha wa vyuo vikuu na watumishi wa elimu. Tunayachapa kwa kuwa jambo lililozungumzwa lawahusu walimu wa ngazi zote.



Jambo nililoombwa nilizungumzie leo laonekana dogo. Ni juu ya ruzuku ndogo wanazopewa walimu wa vyuo vikuu ili watumie teknolojia katika kufundisha lugha za kigeni. Ninaposema ruzuku ndogo sina maana ya fedha za kujenga jengo, wala za kununua kompyuta za chuo kizima. Nina maana ya fedha ambazo mwalimu mmoja, au wawili wakishirikiana, huziomba kwa kurasa mbili tatu, wakapewa kwa muda wa muhula au mwaka mmoja, ili warekodi mazungumzo, watunge mazoezi ya kusikiliza, watengeneze msamiati wenye sauti na picha, au wawaunganishe wanafunzi wao na wanafunzi wa nchi nyingine.

Udogo wa fedha hizo usitudanganye. Katika historia ya ufundishaji wa lugha, fedha nyingi zimekwisha kupotea katika mitambo, na fedha kidogo zimekwisha kuzaa zana zinazotumika duniani kote. Tofauti hiyo haikuletwa na wingi wa fedha. Ililetwa na jibu la swali moja tu: fedha hizo zilinunua nini? Hoja yangu ni kwamba ruzuku hufaa pale inaponunua muda wa mwalimu, ikaacha nyuma kitu ambacho mwalimu mwingine aweza kukichukua akakitumia. Ikinunua mashine peke yake, itakufa siku mashine hiyo itakapokufa.

Nitaanza na mifano ya Marekani na Kanada, kwa sababu huko jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu na matokeo yake yameandikwa. Kisha nitaeleza linatuhusu vipi sisi wenye lugha ya Kiswahili, na yatupasa tufanye nini.

MAABARA ZILIZONYAMAZA

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha angani chombo cha Sputnik. Wamarekani walishtuka, wakajiuliza kama elimu yao ilikuwa imebaki nyuma. Mojawapo ya majibu yao ilikuwa Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, iliyotiwa sahihi na Rais Eisenhower mwezi Septemba 1958. Sheria hiyo ilitoa fedha kwa masomo ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Sehemu yake ya sita ilihusu vyuo vikuu, na kutokana nayo vilianzishwa vituo vya kufundishia lugha ambazo hapo awali zilikuwa zikifundishwa mahali pachache mno nchini humo.

Katika muda wa miaka michache maabara za lugha zilienea kwa maelfu katika shule na vyuo vya Marekani. Maabara hizo zilifanana. Palikuwa na safu za vibanda, kila mwanafunzi katika kibanda chake, amevaa vipokea sauti masikioni, akisikiliza utepe wa kinasa sauti na kurudia sentensi aliyoisikia. Mwalimu aliketi mbele penye swichi, akimsikiliza mmoja baada ya mwingine.

Matokeo hayakulingana na matumaini. Mwaka 1963 Raymond Keating wa Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, alichapa uchunguzi uliohusu maelfu ya wanafunzi wa Kifaransa katika shule za sekondari. Alikuta kwamba, isipokuwa katika usemaji wa mwaka wa kwanza, waliotumia maabara hawakuwazidi wale wasioitumia, na katika mambo mengine walikuwa nyuma yao. Mwaka 1970 Philip Smith alitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Pennsylvania, uliodumu miaka kadhaa. Naye aliona kwamba maabara, jinsi ilivyokuwa ikitumika, haikuleta tofauti ya kupimika. Polepole vibanda vile vikaanza kuwekwa maboksi na viti vibovu.

Je, kinasa sauti kilikuwa kitu kibaya? La hasha. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa kijijini aliweza kusikia sauti ya mwenye lugha bila ya kuvuka bahari. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kasoro zilikuwa kwingine. Kanda nyingi zilikuwa ni mazoezi ya kurudia sentensi zisizokuwa na mtu wala mahali, na mwanafunzi alichoka nazo. Mwalimu aliyeona udhaifu huo hakuwa na saa za kutengeneza kanda bora, maana vipindi vyake vilikuwa vile vile kama kabla ya maabara kuletwa. Tena mtambo ulipoharibika, fundi hakuwamo katika bajeti. Ni kweli kwamba sheria ile iligharamia pia mafunzo ya walimu wakati wa likizo, na mafunzo hayo yaliwasaidia wengi. Lakini mwalimu akirudi kazini baada ya mafunzo, na akute ratiba yake imejaa kama zamani, maarifa aliyoyapata hukaa kichwani mwake bila ya kuwafikia wanafunzi.

MWALIMU MMOJA, NJIA MBILI

Mfano wa pili watoka katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, yaani MIT. Mwaka 1983 chuo hicho kilianza mpango mkubwa wa kompyuta ulioitwa Athena, kwa msaada wa makampuni ya Digital na IBM. Ndani ya mpango huo ilikuwamo kazi ya lugha, na mmoja wa walioiongoza alikuwa mwalimu wa Kifaransa, Gilberte Furstenberg. Yeye na wenzake walitengeneza hadithi ya kijana mwandishi wa habari wa Paris aitwaye Philippe, aliyefukuzwa nyumbani na mchumba wake. Mwanafunzi alitakiwa amsaidie kutafuta pa kukaa: atazame vyumba, asikilize simu, asome matangazo ya nyumba, na kila uamuzi wake ulibadili mwisho wa hadithi. Picha zilihifadhiwa katika sahani za video zilizosomwa kwa mwanga wa leza.

Ilikuwa kazi nzuri, na walimu wa lugha waliitolea mfano kwa miaka mingi. Lakini ilihitaji mashine maalumu, na mashine za sahani zile zikatoweka madukani. Chuo kisichokuwa nayo hakikuweza kuitumia, na chuo kilichokuwa nayo kilitafuta vipuri bila ya kuvipata.

Mwaka 1997 mwalimu yule yule, pamoja na wenzake Sabine Levet na Shoggy Waryn, alianzisha jambo jingine lililoitwa Cultura. Safari hii zana ilikuwa mtandao wa kawaida. Wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa, na wanafunzi wa Ufaransa waliokuwa wakijifunza Kiingereza, waliulizwa maswali yale yale: neno hili lakukumbusha nini? Malizia sentensi hii. Ungefanya nini mtu akikupita katika foleni? Kila upande ulijibu kwa lugha yake, majibu yakawekwa sambamba, kisha wanafunzi wakajadiliana juu ya tofauti walizoziona.

Wakagundua mambo ambayo kamusi haiyasemi. Kwa mfano, neno la kutaja ubinafsi wa mtu, ambalo kwa maandishi lakaribia kufanana katika lugha hizo mbili, kwa Wamarekani wengi lilileta fikra za uhuru na kujitegemea. Kwa Wafaransa wengi lilileta fikra za uchoyo. Mwanafunzi aliyelitafsiri kwa kufuata kamusi angesema jambo asilolikusudia.

Angalieni, ndugu zangu, tofauti ya njia hizi mbili. Ya kwanza ilitegemea mtambo, na mtambo ukapitwa na wakati. Ya pili ilitegemea maswali yaliyotungwa kwa akili, na urafiki wa kikazi kati ya walimu wa vyuo viwili. Kompyuta yoyote iliweza kuibeba. Ndiyo maana walimu wa lugha nyingine, katika nchi nyingine, waliweza kuiiga bila ya kungoja mfadhili mkubwa.

MAMBO MADOGO YALIYODUMU

Ipo mifano mingine ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada, wafanyakazi wachache wa kitengo kilichohudumia walimu wa lugha walitengeneza programu iitwayo Hot Potatoes. Kazi yake ilikuwa moja: kumwezesha mwalimu asiyejua lolote juu ya kutunga programu za kompyuta aandike mazoezi yake mwenyewe, ya kujaza nafasi, kupanga maneno, kulinganisha na kuchagua jibu. Programu hiyo ilienea katika nchi nyingi, na tangu 2009 ikawa bure kwa kila mtu. Waliotengeneza hawakuwafundisha wanafunzi wa Kihispania au Kijerumani. Waliwapa walimu uwezo, na walimu wakafanya yaliyobaki.

Mfano mwingine wahusu Kiswahili chenyewe. Mwaka 1963 idara ya serikali ya Marekani inayowafundisha lugha mabalozi na watumishi wake ilitoa kitabu cha msingi cha Kiswahili pamoja na kanda za sauti. Kiliandaliwa na Earl Stevick akishirikiana na J. G. Mlela na F. N. Njenga. Idara hiyo si chuo kikuu, na fedha zake hazikuwa ruzuku ndogo. Nautaja mfano huu kwa sababu moja. Kwa kuwa kilikuwa kazi ya serikali, hakikufungwa na haki ya kunakili. Baada ya zaidi ya miaka hamsini, kanda zile zingali zikisikilizwa na wanafunzi kwa njia ya intaneti, ilhali kozi nyingi za miaka ile zilizouzwa na makampuni zimesahauliwa. Kilichoachwa wazi kilidumu.

Wa tatu ni kamusi. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanafunzi wa shahada ya juu aitwaye Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili na Kiingereza katika intaneti. Wenye kuijaza walikuwa watu wa kila mahali, kila mmoja akituma maneno aliyoyajua. Enzi hizo intaneti ilikuwa bado ngeni hata kwa Wamarekani wengi, na lugha za Afrika zilizokuwa na chombo cha namna hiyo zilikuwa chache mno. Baadaye kazi hiyo ilitoka Yale, ikalazimika kutafuta fedha kwingineko. Hapo tunapata somo jingine: kuanzisha huvuta wafadhili, kutunza hakuwavuti. Kamusi ni kama shamba. Likiachwa msimu mmoja, magugu hayaulizi ruhusa.

KISWAHILI NYUMBANI KWA WENGINE

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali panapotuhusu moja kwa moja.

Katika vyuo vikuu vya Marekani, Kiswahili ndiyo lugha ya Afrika kusini ya Sahara inayofundishwa mahali pengi zaidi. Zana nyingi za kukifundishia kwa kompyuta zimetengenezwa huko, na mara nyingi waliozitengeneza ni watu wetu. Katika Chuo Kikuu cha Georgia, kwa mfano, Profesa Lioba Moshi, mzaliwa wa Tanzania, aliongoza kazi iliyoitwa Kiswahili kwa Kompyuta, ambayo ilikusanya masomo yenye maandishi, picha na sauti kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza. Finland nayo ina sehemu yake. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Profesa Arvi Hurskainen alianza katikati ya miaka ya 1980 kutunga programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili.

Umuhimu wa kazi hii ya mwisho waelewa vizuri zaidi mtu aliyewahi kumfundisha mgeni. Mgeni akikutana na neno "hatutawapelekea" hawezi kulitafuta katika kamusi kwa herufi ya "h". Ni lazima kwanza ajue kwamba ndani yake yamo makanusho, mtenda, wakati, mtendewa na kauli, na kwamba mzizi wake ni "peleka". Kwa sisi hilo ni jambo la kupumua tu. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni ukuta. Programu inayovunja neno hilo vipande vipande na kumwonyesha kila kipande ni msaada usiopatikana katika kamusi ya karatasi.

Wenzetu hawa wamefanya kazi ya maana, na tunawashukuru. Lakini fedha zilizowasaidia zategemea siasa na bajeti za nchi zao. Mwaka 2011 Bunge la Marekani lilipunguza fedha za programu hizi za lugha na masomo ya nchi za nje kwa karibu asilimia 40, kutoka dola milioni 126 hivi hadi milioni 76 hivi. Mwaka 2025 wafanyakazi wa ofisi iliyosimamia fedha hizo katika Wizara ya Elimu waliandikiwa barua za kuachishwa kazi. Hatuna haki ya kuwalaumu Wamarekani kwa namna wanavyotumia kodi yao. Tuna wajibu wa kujiuliza: siku kompyuta iliyohifadhi rekodi za Kiswahili katika chuo fulani cha mbali itakapozimwa kwa kukosa fedha, rekodi hizo zitakuwa wapi? Na walimu wetu watatumia nini?

Swali hilo si la kinadharia. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha yetu yatumika katika Umoja wa Afrika na katika jumuiya za kanda yetu. Wageni wanaotaka kuijifunza wanakuja. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyorithi kazi za TUKI mwaka 2009. Zanzibar kulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo baadaye iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Jina la taasisi hiyo peke yake latufundisha kitu: waliowaza jambo hilo waliona kwamba kumfundisha mgeni Kiswahili na kumfundisha Mzanzibari lugha ya kigeni ni kazi moja yenye milango miwili.

Mlango wa pili nao tusiusahau. Vyuo vyetu vinafundisha Kifaransa, Kiarabu, Kichina na nyinginezo. Mwanafunzi wetu wa Kifaransa asoma sarufi kwa bidii, afaulu mtihani, lakini asikiapo Mfaransa au Mkongo akizungumza kwa kasi ya kawaida, hashiki neno. Amezisoma sentensi, hakuzisikia.

RUZUKU YA NAMNA GANI?

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila chuo kikuu chetu chenye idara ya lugha kitenge kila mwaka fungu dogo kwa ajili ya walimu wa lugha wanaotaka kutumia teknolojia. Nitatoa mfano ili tusizungumze hewani.

Tuseme mwalimu wa Kiswahili kwa wageni anataka wanafunzi wake wasikie Kiswahili cha watu: mama akinunua samaki feri, kondakta akigombana na abiria juu ya chenji, mgonjwa akijieleza kwa muuguzi, mjumbe akisuluhisha majirani. Anahitaji nini? Kinasa sauti kizuri, au simu ya mkononi yenye kipaza sauti kidogo. Nauli. Malipo ya wanafunzi wawili wa kusikiliza na kuyaandika yaliyosemwa, kazi ambayo saa moja ya mazungumzo yaweza kuila siku nzima au zaidi. Idhini ya wenye sauti, iliyoelezwa kwao kwa lugha wanayoielewa. Programu ya kukata na kusafisha sauti hahitaji kuinunua, maana zipo za bure, kama Audacity, iliyoanzia chuo kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1999. Lakini zaidi ya yote anahitaji kupunguziwa vipindi kwa muhula mmoja.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linaloamua kila kitu. Mkuu wa idara huona ni rahisi kutia sahihi ya kununua kompyuta kuliko kumpunguzia mwalimu kipindi kimoja. Kompyuta yaonekana, hupigwa picha, huandikwa katika daftari la mali. Saa za mwalimu hazibandikwi namba. Hata hivyo, rekodi zile hazitajiandika zenyewe.

Mfano wa pili ni rahisi zaidi. Mwalimu wa Kifaransa wa Dar es Salaam aandikiane na mwalimu mwenzake wa Bujumbura au Lubumbashi. Huko wako wanafunzi wanaokijua Kifaransa na wanaotaka Kiswahili chao kiwe sanifu zaidi. Wetu wana Kiswahili na wanataka Kifaransa. Mara moja kwa juma wazungumze wawili wawili kwa simu, nusu saa kwa lugha hii na nusu saa kwa ile, kwa maswali yaliyotayarishwa na walimu wao kama ilivyofanyika katika Cultura. Gharama ni vifurushi vya intaneti na saa za walimu wawili za kuandaa na kusahihisha. Hatuhitaji kuvuka bahari kumtafuta msemaji wa Kifaransa ilhali yuko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Ili fungu hilo lisigeuke kuwa mlango wa kununulia vifaa vya ofisi, yafaa liwe na masharti machache.

Kwanza, maombi yawe mafupi, na majibu yatoke upesi. Fedha ndogo ikidai mwalimu aandike kurasa thelathini, basi muda uliotakiwa kununuliwa umekwisha kuliwa na fomu.

Pili, sehemu kubwa ya fedha iende kwa watu na muda wao. Vifaa vipewe kiwango kisichozidi sehemu ndogo iliyotajwa wazi.

Tatu, kilichotengenezwa kiwe wazi kwa walimu wa vyuo vingine, na kihifadhiwe kwa namna isiyotegemea mashine ya aina moja. Maandishi na sauti viwekwe katika maktaba ya chuo, nakala nyingine iwekwe kwingine. Tusiwe na Philippe wetu asiyeweza kufunguliwa baada ya miaka kumi.

Nne, mwalimu wa chuo kingine akijaribu kitu hicho darasani kabla ya taarifa ya mwisho kutolewa. Zana isiyoweza kutumiwa na mwingine ni maandalio ya somo ya mtu mmoja.

Tano, taarifa ieleze wanafunzi walifanikiwa nini na walishindwa nini. Matokeo mabaya yakisemwa kwa uwazi yasiwe sababu ya kumnyima mtu ruzuku nyingine. Keating na Smith wanakumbukwa hadi leo kwa sababu walisema mambo ambayo wengi hawakupenda kuyasikia.

Sita, kila mwaka sehemu ya fungu itunze kazi za miaka iliyopita.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Najua wapo watakaosema kwamba nchi yenye madarasa yaliyojaa na vitabu visivyotosha haina nafasi ya anasa kama hizi. Nawaheshimu, maana wanakumbuka vipaumbele. Lakini tuulize gharama ya hali ilivyo. Mwanafunzi anayekaa miaka mitatu akijifunza lugha asiweze kuizungumza amekwisha kugharimu ada, chakula, malazi na mishahara ya walimu wake. Fedha hizo zimekwisha kutumika. Kuongeza kidogo ili zizae matunda ni kubana matumizi.

Wapo pia watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazozungumza, kutafsiri na kujibu maswali karibu katika kila lugha. Kwa nini basi mwalimu ahangaike na kinasa sauti? Nami nasema programu hizo zaweza kumsaidia mwanafunzi, hasa yule asiyekuwa na wa kuzungumza naye usiku. Lakini zimejifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokwisha kuingizwa katika kompyuta. Kiingereza kimeingizwa kwa wingi usiohesabika. Kiswahili kimeingizwa kidogo, na Kiswahili cha sokoni, cha mashambani na cha pwani kidogo zaidi. Mashine hiyo ikikosea upatanisho wa ngeli, au ikitumia methali mahali pasipofaa, mgeni hatajua. Ni mwalimu atakayejua. Na rekodi zilizoandikwa kwa uangalifu na walimu wetu ndizo zitakazoonyesha kosa hilo, na ndizo zitakazoweza kulisahihisha. Ujio wa programu hizo umeongeza thamani ya kazi ya yule mwalimu aliyeko feri na kinasa sauti chake.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuwachosha. Maofisa wa mipango mlio hapa mnayo madaraka ya kulifanya jambo hili mwaka huu wa fedha, bila ya kungoja sheria mpya wala mfadhili. Wakuu wa idara mnayo madaraka ya kumpunguzia mwalimu mmoja kipindi kimoja muhula ujao. Nanyi walimu mnayo kazi ya kuandika kurasa mbili: ninataka kutengeneza nini, nani mwingine atakitumia, na nahitaji saa ngapi. Mkishaandika hayo, bei ya vifaa iwe mstari wa mwisho.

Kiswahili kimekwisha kufika mbali kwa miguu ya watu wake na kwa msaada wa marafiki. Yatupasa nasi tuwe na ghala letu la sauti na mazoezi yake, lililojazwa na walimu wetu, ili rafiki akipungukiwa aje kwetu kuazima.